Kidomo cha Tarumbeta Juu ya Kichanja

Maji yasiwe ya moto. Nikitia kidole, kidole kisitake kutoka; hicho ndicho kipimo changu, sina kingine. Nakwangua sabuni kidogo ndani ya bakuli, nakilaza kidomo, nakiacha kwa muda wa kuchambua mchele wa watu wawili. Halafu nachukua unyoya wa kuku, mrefu, wa bawa, naupitisha kwenye tundu lake, uingie huku utokee kule. Mwisho nakifuta kwa kipande cha kitenge kilichozeeka mpaka kikawa laini. Sitii majivu. Sitii mchanga wala ndimu. Nikiona doa la kijani silisugui, narudia maji na sabuni, na kama bado lipo narudia tena.

Binti yangu, ambaye ndiye anayekipiga siku hizi kanisani, ananiangalia na kucheka.

"Mama, unakiosha kama mutoto aliyezaliwa leo."

Naendelea kupitisha unyoya. Watoto waliozaliwa leo nimeosha wengi, na sikuwaogopa hivi.

Kidomo ni jina letu la nyumbani. Watu wa fanfari, bendi ya kanisa, wanasema ambushuri, kwa Kifaransa chao. Ni kile kipande kidogo kinachochomekwa mwishoni mwa tarumbeta, mfano wa kikombe chenye mkia, ambacho mpigaji anawekea midomo. Hiki chetu ni cha shaba. Zamani kilikuwa kimechovywa fedha, kikawa cheupe. Sasa ni cha manjano kote, isipokuwa ndani ya kikombe, ambamo mkono wangu haukufika vizuri. Na kwenye mkia wake kuna alama ya tupa, ndogo kama mkato wa ukucha. Kidole changu kikipita pale nakiondoa upesi. Miaka mingi imepita, na bado nakiondoa.

Mimi si mtu wa kuandika. Nilifika mwaka wa tano wa shule ya msingi, kisha nikaolewa. Nina daftari ambamo naandika mvua kubwa, waliozaliwa na waliokufa. Haya nayaandika kurasa za nyuma, ili nikiona nimekosea niweze kuzichana bila kuharibu zile za mbele.

Miaka ya vita mji wetu wa Kindu ulikuwa kama chungu kilichofunikwa. Wenye bunduki hawa walikuwa mjini, wenye bunduki wale walikuwa porini, na sisi tulikuwa ndani. Treni hazikuja. Shamba la ng'ambo ya mto tuliliacha likaota nyasi. Chumvi tuliitia kwa ncha ya kisu, na sabuni tulipika wenyewe kwa mawese na majivu. Ilipokosekana hiyo, tulioga kwa maji peke yake na kumshukuru Mungu.

Mume wangu alitoka Kasai, akaletwa huku na kazi ya reli. Mimi ni wa upande wa Kailo, mtoto wa wakulima. Tulikutana kanisani, yeye akiwa na tarumbeta. Tarumbeta zenyewe zilikuwa mali ya kanisa na zililala katika stoo ya kanisa, lakini kila mpigaji alirudi nyumbani na kidomo chake mfukoni. Ilikuwa kawaida yao. Walisema tarumbeta inaweza kuwa ya wote, mate hayawezi kuwa ya wote.

Basi siku moja stoo ilivunjwa na tarumbeta zikaenda. Nani alizichukua sikuona, kwa hiyo siandiki. Mume wangu akabaki na kidomo bila tarumbeta. Jumapili alikitoa, akakiweka mdomoni, akapuliza polepole ndani ya chumba. Peke yake kidomo hakitoi wimbo, kinatoa sauti ya bata mwenye mafua. Watoto walicheka sana. Mimi pia.

Waporaji walipoanza kuingia nyumba kwa nyumba, aliniambia, "Kifiche, mama. Usiniambie wapi, nisije nikasema." Nilikitia ndani ya kopo, nikalisokomeza kopo kwenye paa la jiko, juu ya moto. Nilidhani nimefanya akili. Hakuna mtu anayeinua macho kwenye moshi.

Moshi ulikipata. Nilipokishusha baada ya miezi kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Nilikaa chini. Kilikuwa kitu pekee alichobaki nacho cha kazi aliyoipenda, na nilikuwa nimekipika kama samaki.

Hapa inabidi niwe mwangalifu. Mume wangu anasema aliniambia zamani kwamba ile fedha ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na kwamba kisisuguliwe. Mimi nakumbuka ganda la kitunguu. Kusugua sikumbuki. Labda alisema. Naandika yote mawili.

Niliogopa kumwonyesha. Nilikwenda mtoni nikachota mchanga, nikachukua majivu, nikakata ndimu, nikakifanyia vile ninavyofanyia sufuria. Wanawake wa mtaa wetu tunapimana kwa sufuria. Asubuhi kila mmoja anazipanga juu ya kichanja chake uani, vitako juu, zikauke juani, na apitaye njiani anajua mara moja nyumba gani iko na mwanamke na nyumba gani iko na mutu tu. Mimi sufuria zangu zilikuwa na sifa. Nasema ukweli, hata kama ni majivuno.

Nilisugua asubuhi tatu, yeye akiwa ametoka. Weusi ukaondoka. Weupe pia ukaondoka, na chini yake ikatokea rangi ya manjano inayong'aa kama yai. Sikujua kwamba nimechuna ngozi. Nilidhani nimefika kwenye kitu chenyewe, na kwamba ule weupe wa miaka yote ulikuwa uchafu wa zamani. Nilifurahi. Katika miezi ile sikuwa na furaha nyingi, kwa hiyo naikumbuka. Nikakiweka juu ya kichanja, katikati ya sufuria mbili, kikauke.

Jirani yangu, mke wa mtu wa reli kama mimi, alikuwa upande wa pili wa ua wa mianzi akipanga zake. Tulizoea kutaniana. Alikiona.

"Mama, mumetoboa zahabu ya Kama mukatuficha?"

Kama ni kule kwenye machimbo ya dhahabu. Alisema kwa sauti ya kawaida ya uani. Mimi ndiye niliyepaza, kwa sababu ya ile furaha.

"Hii ni kipande tu, mama. Kubwa yake iko chini ya kitanda."

Tulicheka wote wawili. Njiani kulikuwa na watu, kama kila asubuhi. Mwenye baiskeli alipita na mafuta. Sikuangalia nani mwingine.

Kesho yake, saa nne ya asubuhi, wakaja askari watatu. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima, mwenye kikohozi. Alisalimu, "Jambo," kabla ya kuingia, na hilo nalo naliandika, maana si wote waliokuwa wanabisha hodi. Lakini alipoingia hakuangalia jikoni, hakufungua sanduku. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akaamuru kitanda kiinuliwe.

Hapo ndipo nilipojua. Walichukua jembe letu wenyewe wakachimba sakafu ya udongo pale kitanda kiliposimama, kina cha goti, na kila jembe likishuka nilisikia maneno yangu ya jana. Hawakupata kitu. Mkubwa akatoka uani akipangusa mikono.

"Mama, ile kitu ya kumetameta iko wapi?"

"Kitu gani, shefu?"

"Usinifanye mutoto. Ile ya kwenye kichanja."

Nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la kitenge changu. Nikakifungua nikampa. Alikipima mkononi, akakirusha juu kidogo na kukidaka.

"Hii njo nini?"

"Njo kidomo ya tarumbeta, shefu."

"Na tarumbeta iko wapi?"

"Iliibwa."

"Nani aliiba?"

Nikakunja pindo la kitenge, ambalo sasa lilikuwa tupu. Kumtaja mtu mbele ya bunduki hakungetusaidia. Askari mwingine, mwembamba, akasema, "Anatuonyesha kwato, shefu, anasema ng'ombe alienda kutembea." Wakacheka. Mkubwa hakucheka, alikohoa.

Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza baiskeli. Wakamwita. Alikuja na mikono yenye grisi. Mkubwa akamwekea kidomo kiganjani.

"Hii ni ya nani?"

Mume wangu hakuwa amekiona tangu siku niliyokificha. Alikigeuza. Alikitazama kama mtu anavyotazama barua isiyo yake.

"Hii si yangu, shefu. Yangu ilikuwa nyeupe."

Hakusema kwa ubaya. Ni mtu asiyejua kusema uongo, hata ule mdogo wa kumridhisha mgeni, na nilimpendea hilo. Lakini maneno yale yaliingia mwilini mwangu kama maji baridi.

"Njo yako," nikasema. "Niliisugua mimi. Ikageuka."

Mkubwa alitutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Mwanamuke anasema ni yake, mwanaume anasema si yake. Katika hii nyumba nani anasema kweli?"

"Wote wawili," nikasema. Ilikuwa kweli, na ilisikika kama ujinga.

Akakitia kidomo kwenye mfuko wa shati.

"Tunaenda kwa mununuzi wa zahabu. Kama si zahabu, utamuona bwana yako leo. Kama njo zahabu, tutarudi kuchimba nyumba yote. Na yeye hutamuona."

Mume wangu alijipangusa grisi kwa majani, akachomeka shati ndani ya suruali kama anakwenda kazini. Hakuniangalia. Nilitaka kufuatana nao, yule mwembamba akaweka bunduki kwenye mlango wa ua, si kunielekezea, kuniziba tu. Wakaenda.

Sijui kuandika hofu. Najua tu yaliyonipata. Kiganja cha kushoto kilikufa ganzi. Niliwasha moto nikasahau kuweka kitu juu yake. Nilizifunika sufuria zangu zote kwa gunia, kama vile mng'ao wao ungemwita mwingine. Halafu likaja wazo baya kuliko yote: labda ni dhahabu kweli. Mimi dhahabu nilikuwa sijawahi kuiona. Niliisikia tu, ya Kama, ya Kampene, watu wanaizamia kwenye mashimo na wengine hawatoki. Kitu cheupe nimekisugua kikawa cha manjano, kinang'aa. Nani aliniambia si yenyewe? Labda wazungu waliotengeneza tarumbeta waliificha ndani. Nilipiga magoti kwenye lile shimo chumbani, hakukuwa na nafasi nyingine, nikaomba kitu chetu kiwe bure. Kiwe shaba, Mungu wangu, kiwe takataka. Sidhani kama mtu mwingine katika mji ule aliomba hivyo siku ile.

Jirani alikuja. Alipitia tundu la ua, na ungo wa mchele, akaketi karibu yangu akaanza kuchambua. Mchele ulikuwa safi tayari, niliuona. Alichambua tu. Akasema, bila kuinua macho:

"Ni mimi na mudomo yangu, mama. Ningenyamaza."

Hapa ndipo nilipopaswa kusema: hapana, ni mimi. Wewe uliuliza, mimi nilijibu. Wewe hukutaja kitanda. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Mungu anajua." Na yeye akainamisha kichwa zaidi, kama mtu aliyehukumiwa, akaendelea na mchele.

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika kwenye kichanja pale mume wangu aliporudi. Alirudi peke yake, kwa miguu, kidomo kikiwa mkononi. Alikunywa maji vikombe viwili ndipo akasema.

Mnunuzi alikuwa mtu wa Kampene ambaye vita vilimfungia mjini. Alikishika kidomo mara moja akasema, shaba hii, ni nyepesi. Askari hawakumwamini. Walidhani anataka kukinunua baadaye kwa siri. Basi akatoa tupa, akakata ule mkato, akadondosha dawa yake ya kupimia, na ile dawa ikachemka kijani na kutoa moshi. Dhahabu haichemki, akawaambia. Nasema kwa haki: mtu yule angeweza kusema wanachotaka kusikia ili wamwache na duka lake. Hakusema.

Mkubwa bado alisita. Akamwambia mume wangu, "Basi ilize." Mume wangu akakiosha kwa maji ya mnunuzi, akakiweka mdomoni. Midomo ilikuwa imekauka. Mara ya kwanza ikatoka pumzi tu. Mara ya pili pumzi tu. Aliniambia kwamba mara ya pili ndipo aliona mkono wa mkubwa ukishuka kwenye mkanda. Akalamba midomo, mate hayakuwapo, akalamba tena. Mara ya tatu bata akalia.

Mkubwa alikohoa, au alicheka, mume wangu hakuweza kutofautisha. Akasema, "Peleka bata yako nyumbani."

Ndivyo alivyorudi. Wengine siku zile hawakurudi, kwa vitu vidogo kuliko hicho, na sina la kuwaambia jamaa zao.

Jioni ile ile mume wangu alisimama kwenye ua wa mianzi akamwambia jirani, kwa utulivu, "Mama, mudomo yako ilitaka kuniua." Jirani akajibu, "Nisamehe, papa." Mimi nilikuwa jikoni napuliza moto. Nilisikia vizuri. Niliendelea kupuliza moto uliokuwa unawaka.

Tangu hapo mume wangu alimsalimia kwa kichwa tu. Tulikaa hivyo mpaka vita vikatulia na treni ikaanza kupita tena, na yule mama akaondoka na watu wake kurudi kwao Kasai. Nilimpa mchele wa safarini, nikamfungia na kuku aliyekaangwa. Maneno sikumpa. Nilisema nitampa atakapokuwa amepanda, halafu akawa amepanda.

Tarumbeta ya sasa ililetwa na kanisa baadaye, si mpya. Mume wangu aliipiga miaka michache, mpaka meno ya mbele yalipotoka. Shaba iliyo wazi ina tabia yake: mate yakilala juu yake inaota kijani, na ile kijani inakula mdomo. Alipata vidonda pembeni mwa mdomo wa juu, na hakuwahi kusema ni kwa sababu ya mchanga wangu. Binti alipoanza naye alipata kidonda. Watu wa fanfari wakamwambia atafute kidomo kingine. Hakutaka, alisema hiki kimeshajua nyumba yetu. Ndiyo maana nakiosha kila akipiga, siku hiyo hiyo, na mwenzake akikiazima nakipitisha kwenye lotoko, ile pombe kali, ambayo nainunua nikiwa nimejifunika kichwa kwa sababu mimi ni mama wa kanisa.

Leo nilipokuwa natoa unyoya, mume wangu alikuwa amekaa mlangoni akimenya mihogo. Binti alikuwa ndani. Sikuwa nimepanga. Nikasema:

"Ile siku, kitanda ni mimi niliyekitaja. Jirani aliuliza tu. Mimi nilijibu, tena kwa nguvu."

Alimenya muhogo ule mpaka ukaisha, akauweka majini.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa nimerudi mapema, niko nyuma ya nyumba na baiskeli."

"Na kesho yake walipokuja, ulijua ni mimi?"

"Niliposikia kitanda kikiinuliwa nilijua."

Nikayamwaga maji ya bakuli.

"Sasa yule mama ulimlaumia nini?"

Alichukua muhogo mwingine. Siku hizi anasema polepole, maneno yanapita palipokuwa na meno.

"Nilitaka kulaumu mutu ambaye si wangu."

Akarudi kwenye muhogo. Nimejiuliza tangu asubuhi kama hilo ni jambo zuri alilonifanyia au ni baya, na kila nikiliweka upande huu linateleza upande ule. Yule mama, kama bado yu hai, ni mzee kama mimi. Huko Kasai mahali anapokaa sipajui. Nitamwuliza mtu wa treni. Naandika hapa kwamba nitamwuliza, ili nikiisoma tena nione aibu kama sijauliza.

Tulipomaliza kuzungumza binti alitoka, akachukua kidomo kutoka kwenye kitenge, akaona bado kina unyevu. Akatoka nacho uani na kukiweka juu ya kichanja, katikati ya sufuria, juani.

Niliinuka. Hajui. Hatukuwahi kumwambia, alikuwa mdogo. Anajua tu hadithi ya bata. Hakuna vita mjini leo. Njiani kulikuwa na watu wa kawaida, toleka, zile baiskeli za kubeba watu, zinapita na abiria wao nyuma, mama mmoja na beseni la pondu, majani ya muhogo. Jua lilikipata kidomo kikawaka kama yai, kama siku ile.

Nilitaka kukiondoa. Nikafika hata mlangoni. Mume wangu akainua kisu chake kidogo, kile cha mihogo, akasema, "Kiache kikauke."

Basi nimevuta kibao nikaketi mlangoni na daftari hili, na ninaandika huku naangalia njia. Mtu akipunguza mwendo, naacha kuandika. Wawili wamepunguza. Mmoja alikuwa anafunga kiatu.